Jinsi fundi alivyofufua skopu yake, na jinsi ya kununua spea kwa simu bila kujuta

Wateja wetu wengi ni mafundi: wa simu, wa redio, wa runinga, wa sola. Kwao simu si ya kupokea pesa tu. Ndiyo duka lao la spea. Fundi yuko Thika, spea iko Nairobi, pesa inatumwa, mzigo unapandishwa matatu, jioni kazi inaisha. Mambo yakienda sawa ni raha. Yakienda mrama, mteja anangoja, pesa imetoka, na mkononi kuna kitu usichokihitaji.

Mwezi huu tulimtembelea fundi mmoja wa Thika aliyepitia hayo yote mawili ndani ya wiki moja. Tumeona kisa chake kinafundisha kuliko orodha ya maonyo.

Mashine ya vifaranga

Kazi yenyewe ilikuwa mashine ya kuangulia mayai. Mama mmoja mfugaji aliileta ikiwa na tatizo la ajabu: inawaka vizuri, kisha kila taa ya kupasha joto inapotaka kuwaka, kidhibiti joto kinazima na kuanza upya. Mayai yalikuwa siku ya tisa. Ya kuku huchukua siku 21, na yanataka joto la karibu nyuzi 37.5 muda wote. Jirani alikubali kuyahifadhi kwenye mashine yake, lakini kwa siku chache tu, kwani naye alikuwa na mayai yake njiani.

“Fundi, usiniambie wiki ijayo,” mama alimwambia.

“Mama, nipe mpaka Alhamisi,” akajibu.

Alipima umeme wa kidhibiti kwa mita ya kawaida. Volti 12, safi kabisa. Hapo ndipo mita inapomdanganya fundi. Mita huonyesha wastani. Umeme ukishuka ghafla kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, mita haina habari, ila kidhibiti kinausikia na kuzima. Kuona mshuko kama huo kunahitaji oskiloskopu, au skopu kama mafundi wanavyoiita: chombo kinachochora umeme kama mstari kwenye skrini, ukaona unavyopanda na kushuka kadiri muda unavyokwenda.

Skopu anayo. Ni DSO138, ile ndogo ya bei nafuu iliyobuniwa na JYE Tech ya China, ambayo mafundi wengi huinunua ikiwa vipande na kuiunganisha wenyewe. Skrini yake ni ya inchi 2.4. Inaona mawimbi hadi kilohezi 200, na mdomo wake unavumilia volti 50, si zaidi. Haitoshi kwa kompyuta za kasi, lakini kwa chaja, redio, rimoti na kazi kama hii inatosha sana.

Shida ni kwamba nayo ilikuwa imekufa.

Kutafuta ugonjwa

Bodi ilikuwa wazi, haina kasha. Siku moja kipande cha waya kiliiangukia ikiwa inawaka. Tangu siku hiyo skrini ilikuwa ikiwaka, lakini mstari umeganda upande mmoja, hausogei hata ukigusa nini.

Fundi hakukimbilia kubadilisha vitu. Alianza na chakula cha chombo, yaani umeme. Adapta inatoa volti 9? Ndiyo. Volti 3.3 zinazoendesha ubongo wa bodi zipo? Zipo, na ndiyo maana skrini inawaka. Sehemu inayopokea mawimbi inahitaji pande mbili za umeme: volti 5 za chanya na volti 5 za hasi. Chanya ipo. Hasi? Karibu sifuri.

Volti hasi inatoka kwenye regyuleta ndogo ya miguu mitatu, 79L05. Alipima mguu wa kuingilia, umeme upo. Mguu wa kutokea, hakuna. Basi ugonjwa ukajulikana, na dawa yake ni kitu ambacho bei yake haifiki nauli ya kwenda Nairobi.

Pesa ya kwanza

Alimpigia muuzaji aliyepewa na rafiki. “Nitumie regyuleta ya volti 5, ile ndogo.” Wakakubaliana bei. Akatuma pesa kwa nambari ya kibinafsi, akafuta meseji kwa sababu simu ilikuwa imejaa, akangoja.

Jioni mzigo ukafika. Ulikuwa 78L05.

Kwa macho, 78L05 na 79L05 ni kama mapacha: ukubwa uleule, rangi ileile, miguu mitatu. Lakini ya kwanza ni ya volti chanya, ya pili ni ya volti hasi, na hata mpangilio wa miguu ni tofauti. Ukiichomeka kwa kukisia, unaweza kuongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Bahati nzuri alisoma maandishi kwa miwani kabla ya kuwasha solda.

Alimpigia muuzaji. Jibu likawa, “Boss, nimekutumia ulichoomba.” Na kusema kweli, hakuwa amekosea. Hakuna mahali nambari ya spea ilikuwa imeandikwa.

Fundi alituuliza: je, angeomba pesa irudishwe? Tunaulizwa hivyo kila mara, kwa hivyo tulieleze wazi. Ombi la kurudishiwa pesa ni la pesa iliyokwenda mahali usipokusudia, kwa mfano ukikosea tarakimu moja. Yeye alimlipa mtu aliyemkusudia, kwa kiasi alichokusudia. Hilo ni jambo la mnunuzi na muuzaji kuelewana. Kinga yake iko kabla ya kubonyeza, si baada.

Pesa ya pili

Jumatano asubuhi alibadilisha mtindo. Alimwandikia muuzaji mwingine ujumbe: “79L05, vipande viwili. Nitumie picha maandishi yakionekana.” Picha ikaja, akaisoma herufi kwa herufi. Akaomba nambari ya Till ya duka. Kabla ya kuweka PIN akasoma jina lililotokea, likalingana na jina la duka aliloambiwa. Meseji ya malipo hakuifuta, aliipeleka palepale kwenye ujumbe wake na muuzaji. Hivyo agizo, picha na malipo vikakaa mahali pamoja.

Saa tisa mchana mzigo ulikuwa mezani. Alitoa regyuleta mbovu, akasafisha matundu, akaweka mpya, akapima kabla ya kufurahi. Volti 5 za hasi zikatokea. Aliunganisha mdomo wa skopu na alama ya majaribio iliyo kwenye bodi yenyewe, ile ya kilohezi 1. Mstari ukachora ngazi za mraba. Pembe zilikuwa za mviringo kidogo, akazinyoosha kwa kuzungusha kapasita za kurekebishia.

Jioni ileile aliiweka kwenye mashine ya mayai, upande wa volti 12 peke yake. Taa ilipotaka kuwaka, mstari ukadidimia hadi karibu volti 6, kisha ukarudi. Kumbe kapasita kubwa ya pawa ilikuwa imekauka, haina tena akiba ya kuvusha mshuko ule. Akaibadilisha, akapima tena, mstari ukatulia. Alhamisi asubuhi mama alichukua mashine yake na mayai yakarudi nyumbani.

Kuiboresha isife tena

Malipo ya kazi ile alitenga kidogo kwa ajili ya skopu. Siku hizi haiko wazi. Iko ndani ya kasha la plastiki, na inatumia betri ya lithiamu aina ya 18650, pamoja na moduli mbili ndogo: TP4056 ya kuchaji, ile yenye ulinzi wa betri, na MT3608 ya kupandisha volti hadi 9. Anaweza kuibeba hadi kwa mteja, na stima ikipotea kazi haisimami.

Aliomba tuwaambie mafundi wenzake mambo mawili. La kwanza, MT3608 inaweza kutoa hadi volti 28. Irekebishe hadi 9 kwa mita kabla ya kuiunganisha na skopu, la sivyo utaichoma siku ya kwanza. La pili, betri haiongezi ule mpaka wa volti 50. Stima ya ukutani, ambayo kilele chake kinapita volti 300, usiiguse kwa mdomo wa chombo hiki.

Kuna pia programu huria iitwayo DLO-138, inayoongeza njia za kusoma mawimbi ya kidijitali. Kabla ya kujaribu, hakikisha bodi yako si nakala, maana JYE Tech wenyewe wameonya kuhusu bandia.

Kabla ya kulipia spea

• Andika nambari kamili ya spea. “Ile ndogo” si nambari.
• Omba picha ambayo maandishi yanasomeka.
• Lipa kwa Till ya biashara inapowezekana, na usome jina kabla ya PIN.
• Tunza meseji ya malipo hadi spea ifanye kazi. Ndiyo risiti yako.
• Ukikosea nambari, piga simu huduma kwa wateja mara moja. Kila dakika ina maana.
• PIN ni yako peke yako. Muuzaji haihitaji, na sisi hatutakuuliza kamwe.

Zile 78L05 hakuzitupa. Ziko kwenye kikopo juu ya meza, na kikopo kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: CHANYA.