Mtoto aachwe aulize: kwa nini ninawe kwa sabuni?

Muulize mtoto wa darasa la nne pale Usoke, kwenye reli ya Tabora kwenda Kigoma, ni wakati gani anapaswa kunawa mikono. Atajibu bila kusita: kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Kisha mtazame chakula kikiletwa. Huenda akachovya vidole katika beseni walimonawia wenzake watano, akaanza kula. Jibu analijua, sababu haijui. Na jambo hili si dogo. Kuhara bado kunaua watoto wengi walio chini ya miaka mitano, na tafiti zinaonyesha kuwa kunawa kwa sabuni hupunguza kuhara kwa takriban asilimia 30.

Sehemu ya tiba iko katika namna ya kufundisha sayansi. Badala ya watoto kunakili jibu ubaoni, mbinu shirikishi huwaweka katika vikundi vya wanne au watano. Huanza na swali, wakabashiri jibu, wakajaribu, kisha wakajadili walichokiona.

Jaribio la mkate

Halihitaji maabara. Tafuta makopo manne angavu ya plastiki yenye vifuniko, safi na makavu, na vipande vinne vya mkate mmoja. Kipande cha kwanza kitiwe kwa uma uliochemshwa, bila kuguswa. Cha pili kishikwe na mtoto aliyetoka kucheza. Mtoto huyo huyo achovye mikono katika beseni la wote, ashike cha tatu. Mwishowe anawe kwa sabuni na maji yanayomiminwa kwa jagi, ashike cha nne. Kila kipande kipate matone sawa ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Makopo yafungwe, yapewe namba na kuwekwa pamoja kivulini. Kwa siku 7 hadi 10 watoto wachore wanachokiona. Makopo yasifunguliwe tena. Mtu mzima ayafukie.

Ukungu unaoota si vijidudu vyenyewe vya kuhara, lakini unaonyesha kuwa mkono hubeba visivyoonekana kwa macho. Matokeo yakiwa tofauti na walivyobashiri, yasifichwe. Waulizwe: tuligusa wapi? Turudie.

Swali la Mpemba

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona maziwa yake ya moto yakiganda kwenye jokofu kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, aliambiwa amechanganya mambo. Hakuacha kuuliza. Baadaye alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye akalijaribu jambo hilo. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na hadi leo wanasayansi wanalijadili kwa jina la Mpemba.

Nyumbani

Watoto wetu hufundishwa madrasa kuwa anayeamka asiingize mkono katika chombo cha maji kabla ya kuuosha mara tatu. Wengi wanaihifadhi hukumu hiyo, lakini beseni la chakula hawalihusishi nayo. Mzazi awasaidie kuunganisha mambo haya mawili. Aondoe beseni la pamoja, aweke jagi na sabuni. Na mtoto akiuliza "kwa nini?", asiambiwe "nyamaza". Aambiwe: "Njoo tujaribu, tuone."