Kamera na Lenzi: Kipi Kibaki, Kipi Kiuzwe?

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Usemi huo wamfaa sana mwenye kamera, kwani kila mwaka hutokea kamera mpya zinazoifanya ya zamani ionekane duni, hata kama bado ni nzima. Katika makala haya tutaona jinsi kanuni chache za nuru zinavyoweza kutusaidia kuamua.

Tuchukue mfano wa klabu ya sayansi ya shule ya sekondari. Klabu hiyo ina kamera ya dijitali ya pikseli milioni 12, lenzi ya kuvuta ya milimita 18 hadi 55, lenzi isiyovuta ya milimita 50, na kamera kuukuu ya filamu. Picha wanazopiga maabara hazitoki wazi. Kwa hiyo wanachama wanataka kuuza kila kitu ili wanunue kamera moja ya pikseli milioni 24. Fedha zinatosha mara moja tu. Je, wauze?

Swali la kwanza ni la pikseli. Picha ya sentimita 20 kwa 30, ikichapishwa kwa nukta 118 katika kila sentimita, huhitaji nukta 2,360 kwa 3,540, yaani milioni 8.4 hivi. Kamera waliyo nayo yatosha. Tena, kuongeza pikseli maradufu huongeza nukta za kila upande wa picha kwa mara 1.4 tu, ambayo ni kipeuo cha pili cha 2.

Swali la pili ni la nuru. Namba ya f hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu la lenzi. Lenzi yao ya kuvuta, ikifika milimita 55, haipanuki kupita f/5.6, ile ya milimita 50 hufika f/1.8. Mng'ao wa taswira hupungua kwa kadiri ya mraba wa namba ya f. Kwa kuwa (5.6 ÷ 1.8)² ni karibu 9.7, picha iliyohitaji sehemu moja ya kumi ya sekunde, muda ambao mkono hutikisika, itapatikana kwa takriban sehemu moja ya mia. Basi kilichokosekana ni nuru, wala si pikseli, na dawa yake imo kabatini. Hata hivyo, tundu pana hupunguza kina cha sehemu inayoonekana wazi. Kwa kitu kisichosogea, stendi ya miguu mitatu hufaa zaidi.

Swali la tatu ni la afya ya lenzi. Imulike kwa tochi gizani. Vumbi kidogo halidhuru, lakini nyuzi mithili ya utando wa buibui ni kuvu, ambayo hustawi penye unyevu na huweza kula utando wa kioo. Lenzi safi zihifadhiwe katika chombo kisichopitisha hewa, pamoja na jeli ya silika.

Swali la nne ni la pete ya kufungia lenzi. Nikon ilianzisha pete yake ya F mwaka 1959, na lenzi nyingi za zamani zilifungika katika kamera zilizofuata. Canon ilibadili pete mwaka 1987, na lenzi za awali hazikuingia moja kwa moja katika kamera mpya. Usiuze wala usinunue kabla ya kuhakikisha.

Basi klabu ibaki na kamera yake na lenzi zote mbili, inunue stendi na jeli ya silika, na akiba iwekwe. Kamera ya filamu ibaki ikiwa shule ina dawa za kusafishia picha, maana hufundisha kemia ya chumvi za fedha. La sivyo, iuzwe ingali inafanya kazi.

Zoezi: Piga picha ya kitu kimoja, katika nuru ile ile na ISO ile ile, kwa f/4 na kisha f/8. Kokotoa muda unaohitajika kwa kila picha, kisha linganisha na ule uliochaguliwa na kamera.