Vita Visivyoitwa Vita: Mpigakura wa Thika na Ruiru Mbele ya Chama Chake

Wanajeshi wa Kenya walipovuka mpaka na kuingia Somalia mnamo Oktoba 2011, safari yao ilipewa jina la Kiswahili: Operesheni Linda Nchi. Mwanafunzi wa lugha hatakawia kutambua kazi inayofanywa na jina hilo. Kitenzi ni "linda", wala si "pigana" au "vamia". Na yambwa yake ni "nchi", jambo ambalo raia hawezi kulipinga hadharani bila kutiliwa shaka uzalendo wake. Neno "vita" halimo. Kutokuwamo kwake si suala la mtindo tu. Ndiko kunakoeleza, kwa kiasi kikubwa, kwa nini mpigakura wa Thika au Ruiru aliyechoshwa na msimamo wa chama chake kuhusu fedha za majeshi hukosa pa kuushikia msimamo wenyewe.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 95(6), inalipa Bunge la Taifa mamlaka ya kuidhinisha tangazo la vita. Kenya haikutangaza vita mwaka huo. Serikali ilitaja kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kinachohusu haki ya taifa kujihami, na majeshi yakaondoka. Ni Desemba ndipo Bunge lilipoidhinisha majeshi hayo yajiunge na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. Kufikia hapo askari walikuwa wamekaa Somalia majuma kadhaa.

Bajeti ya mwaka huo ilikuwa imesomwa Juni, wakati ambapo safari hiyo haikutajwa. Kwa mahitaji ya aina hii, Kifungu cha 223 kinairuhusu serikali kutumia fedha ambazo hazikutengwa, mradi zisizidi asilimia 10 ya fedha zilizoidhinishwa kwa mwaka huo, kisha iombe kibali cha Bunge katika muda wa miezi miwili tangu fedha za kwanza zitolewe. Utaratibu huu una busara yake, kwani mafuriko na njaa havingoji Juni. Lakini matokeo yake ni kwamba mbunge anaweza kuombwa aidhinishe kilichokwisha kutumiwa. Akikataa, anaonekana anamnyima askari aliye vitani risasi na mkate. Ni nadra chama chochote, kiwe serikalini au upinzani, kujitia katika mtego huo.

Wakati huo Thika na Ruiru zilikuwa katika eneobunge moja la Juja, ambalo liligawanywa kabla ya uchaguzi wa 2013. Wakazi wake hawakuwa mbali na jambo lenyewe. Kambi ya jeshi ya Kahawa iko kando ya barabara kuu ya Thika, na barabara hiyo ndiyo inayowapeleka maelfu yao kazini Nairobi kila alfajiri. Mnamo Mei 4, 2014 mabomu yalilipuka ndani ya mabasi mawili katika barabara iyo hiyo. Nchi ilikuwa inalindwa Somalia, na abiria wakauawa njiani kuelekea nyumbani.

Aliyeuliza gharama aliambiwa kwamba wafadhili ndio wanaolipa. Jibu hili lilikuwa na ukweli ndani yake. Umoja wa Mataifa ulishughulikia vifaa na ugavi wa AMISOM, na Umoja wa Ulaya ukalipa posho ya dola 1,028 kwa mwezi kwa kila askari, ikipitia kwa serikali yake. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulipunguza mchango huo kwa asilimia 20, na pengo likabaki kuwa la Waafrika wenyewe. Isitoshe, mfadhili halipi mshahara wa kawaida wa askari wala pensheni yake, na hamtibu majeruhi mpaka uzeeni. Baada ya kambi ya El Adde kushambuliwa Januari 15, 2016, serikali haikutoa idadi kamili ya waliofariki. Ambaye hakuambiwa idadi ya maiti angeambiwaje hesabu ya fedha?

Je, vyama vilisemaje? Raila Odinga alikuwa Waziri Mkuu katika serikali iliyopeleka majeshi. Kuanzia 2014, akiwa kiongozi wa upinzani, alitaka yarudishwe. Jubilee ikashikilia kwamba yatabaki. Kwa hiyo mkazi wa Ruiru aliyetaka askari warudi alijikuta anakubaliana na chama ambacho, kwa siasa za Kenya zinavyofuata maeneo na makabila, hakuwa na nia ya kukipigia kura. Chama cha nyumbani kilikuwa na kura yake bila kuwa na rai yake. Hapa ndipo uchungu wa mpigakura unapozaliwa.

Hali hiyo ilijirudia kwa sura nyingine baada ya 2022, pale Thika Town na Ruiru zilipochagua wabunge wa UDA. Mnamo Oktoba 2, 2023 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2699 la kupeleka kikosi Haiti kikiongozwa na Kenya, gharama zikitegemea michango ya hiari ya mataifa. Safari hii hata neno "jeshi" liliepukwa: walioenda ni polisi. Bunge la Taifa liliidhinisha hoja hiyo Novemba 16, 2023. Januari 26, 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu, katika kesi iliyopelekwa na Ekuru Aukot na wenzake, aliamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa lina mamlaka ya kupeleka wanajeshi nje wala si polisi, na kwamba polisi hawawezi kwenda bila mapatano ya pande mbili. Machi 1 Waziri Mkuu wa Haiti, Ariel Henry, alikuwa Nairobi mapatano hayo yakitiwa saini. Magenge yakachacha nyumbani kwake, naye katika mwezi uo huo akatangaza kwamba angejiuzulu.

Polisi wa kwanza waliwasili Haiti Juni 25, 2024. Siku hiyo hiyo Bunge la Taifa lilipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia majengo ya Bunge, na usiku zikasikika habari za milio ya risasi Githurai, katika eneobunge la Ruiru. Mwaka mmoja kabla ya hapo, ushuru wa ziada ya thamani kwa mafuta ya petroli ulikuwa umepandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na nauli ya Thika kwenda Nairobi haina njia ya kuukwepa ushuru huo.

Tofauti ya kura hizo mbili yastahili kuangaliwa kwa makini. Kuhusu ushuru, kila mbunge alihesabiwa kwa jina, na orodha ikasambaa kwa simu kabla ya jua kutua. Kuhusu Haiti, hoja ilipitishwa kwa sauti: wanaosema "ndio" wakapaza, wanaosema "la" wakapaza, na kiti kikaamua kwa kusikiliza. Mpigakura wa Thika aliweza kumuuliza mbunge wake kuhusu mkate na mafuta. Kuhusu kikosi cha ng'ambo hakuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Hata mwenye karatasi hana nguvu nyingi. Mbunge anayekihama chama kilichomdhamini hupoteza kiti chini ya Kifungu cha 103, kwa hiyo anakiogopa chama kila siku na mpigakura mara moja katika miaka mitano. Kifungu cha 104 kinampa mpigakura haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muhula kwisha, lakini sheria iliyotungwa kutekeleza haki hiyo iliizungushia masharti mengi kiasi kwamba Mahakama Kuu ilibatilisha sehemu zake mwaka 2017. Katika mwaka huo huo wakazi wa Thika Town walichukua njia nyingine: walimchagua Patrick Wainaina, mgombea huru, katika kaunti iliyokuwa ngome ya Jubilee. Mbunge wa aina hiyo hana kiranja wa chama wa kumwamrisha. Hata hivyo, hoja inapoamuliwa kwa sauti, sauti yake huchanganyika na za wengine. Na wanaoweza kudai kura ihesabiwe kwa majina ni wabunge walioko ukumbini, si wakazi wa Makongeni wala wa Githurai.