Vocha za mtaa zaweka akiba shilingi ya Marikiti

Muuza pilau anunuaye viungo Marikiti, kisiwani Mombasa, hana budi kulipa shilingi. Je, msusi na muuza maji walio jirani zake? Swali hilo ndilo msingi wa Bangla-Pesa, vocha zilizozinduliwa Mei 2013 katika kitongoji cha Bangladesh, Mombasa bara. Wachuuzi walidhaminiana, wakakubali kulipana kwa vocha hizo. Shilingi, ambayo huadimika, ikabaki ya kununulia mali itokayo nje ya mtaa. Mwezi huo huo watu sita, akiwemo mwasisi, Mmarekani Will Ruddick, walikamatwa kwa tuhuma za kughushi: tuhuma nzito kwa karatasi ya kununulia maandazi. Mashtaka yaliondolewa Agosti 2013, vocha zikarudi mtaani, na baadaye mfumo huo ukahamia kwenye simu kwa jina la Sarafu.