Mafuriko ya Kinindo na thamani ya kesho

Mwezi wa Aprili 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda hadi karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, kimo kinachokaribia kile cha mwaka 1964. Kusini mwa Bujumbura, katika mtaa wa Kinindo na jirani yake Kibenga, maji yaliacha ufukwe yakaingia nyuani na barabarani. Serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa walitoa ombi la pamoja la msaada mwezi huohuo, wakieleza kwamba watu zaidi ya 200,000 nchini walikuwa wameguswa na mvua na mafuriko tangu Septemba 2023.

Tumeanza na Kinindo kwa kusudi. Uchumi na sera za mabadiliko ya tabianchi sasa ni uwanja mkubwa wa utafiti katika vyuo vikuu. Mwaka 2008 vyuo vya LSE na Leeds, nchini Uingereza, vilianzisha kituo cha pamoja cha utafiti huo. Karibu zaidi na sisi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo chake katika mtandao wa wanauchumi wa mazingira ulioasisiwa na Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi. Maandishi ya watafiti hao hutufikia sisi walimu wa lugha kama kazi ya kutafsiri, na tumegundua kuwa wanafunzi hawakwami sana penye sayansi. Hukwama penye hesabu moja, ambayo tumeonelea vyema kuieleza hapa.

Tuchukue hasara ya faranga milioni moja itakayompata mwenye nyumba wa Kinindo baada ya miaka 50. Hasara hiyo ina uzito gani leo? Swali si la kipuuzi. Anayetaka kujenga kizuizi cha maji au kuwahamisha watu hutoa fedha sasa, ilhali faida itaonekana baadaye, na hana budi kuvilinganisha vitu hivyo viwili. Muuza ndagala anayekopesha anaijua hesabu hii bila kwenda chuoni: mia ya leo si sawa na mia ya mwakani. Mwanauchumi naye huishusha hasara ya baadaye kwa asilimia fulani kila mwaka, kama riba inayorudi kinyumenyume.

Asilimia hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Tukiacha kando kupanda kwa bei, na tukitumia asilimia 1.4 kwa mwaka, ile milioni ya baada ya miaka 50 huhesabiwa leo kuwa kama faranga 499,000. Tukitumia asilimia 5, hubaki kama 87,000 tu. Tukienda miaka 100, ya kwanza inatupa karibu 249,000 na ya pili kama 7,600, fedha ambazo hakuna waziri atakayejenga ukuta kwa ajili yake. Ziwa ni lilelile, nyumba ni ileile.

Asilimia 1.4 hatukuiokota. Ndiyo iliyotumika katika ripoti ya Nicholas Stern, iliyotolewa Uingereza mwaka 2006, iliyosema kuwa gharama ya kuchukua hatua mapema ni kama asilimia 1 ya pato la dunia kwa mwaka, na gharama ya kukaa kimya ni kati ya asilimia 5 na 20. William Nordhaus wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2018, aliipinga akisema kuwa kiwango hicho ni cha chini mno kikilinganishwa na faida ambayo mitaji huzaa sokoni. Wengi hulisimulia bishano hili kama la mwenye huruma na mwenye hesabu. Sisi hatuoni hivyo. Wote wawili wanapiga hesabu.

Kinachotugusa zaidi ni namna ile 1.4 ilivyopatikana. Sehemu yake ndogo, 0.1, ni ya kuruhusu uwezekano kwamba binadamu huenda wasiwepo tena. Sehemu iliyobaki, 1.3, inatokana na matarajio kwamba vizazi vijavyo vitakuwa na mali kuliko sisi, hivyo faranga moja haitawauma kama inavyotuuma. Je, dhana hiyo inafaa Burundi? Kama wajukuu wa Kinindo hawatakuwa matajiri kuliko babu zao, ile 1.3 inaondoka. Inabaki 0.1, na milioni yetu ya baada ya miaka 50 inahesabiwa kuwa kama 951,000. Kwa maneno mengine, hesabu iliyopigwa kwa wastani wa dunia huweza kumpunja maskini bila mtu yeyote kukusudia.

Kwenye sera mambo yana makunyanzi zaidi. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inatenga mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika. Lakini ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Katika miaka ya 1870 mto Lukuga, njia pekee ya maji kutoka ziwani, ulikuwa umezibwa na tope na mimea, ziwa likapanda mpaka kizuizi kikabomoka, kisha likashuka sana. Ndiyo sababu mahali Stanley alipokutana na Livingstone, Ujiji, mwaka 1871, leo pako mbali na maji. Basi mita 150 zipimwe kutoka wapi? Na ni sehemu gani ya mafuriko ya 2024 iwekwe kwenye deni la nchi zenye viwanda? Mfuko wa hasara na uharibifu, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, unalifanya swali hilo kuwa la fedha, si la darasani tu.

Tumalizie na istilahi. Mwanafunzi wa Bujumbura huanza na Kirundi, ihindagurika ry'ibihe, akaandika "mabadiliko ya hali ya hewa". Tunamwelekeza kwenye tabianchi, kwa kuwa hali ya hewa ni ya leo na kesho, tabianchi ni ya miaka mingi. Kazi kubwa ni ile asilimia tuliyoieleza. Wengi huiita "kiwango cha punguzo". Ubaya wake ni kwamba punguzo ni jambo la dukani, la kumfurahisha mteja, tena katika ukurasa huohuo kuna "kupunguza gesijoto", na msomaji hudhani mambo hayo mawili ni ndugu. Katika mazoezi yetu tumekuwa tukijaribu "kiwango cha kufifisha thamani". Ni refu, tunakiri. Mwenye pendekezo fupi zaidi atuandikie kabla ya toleo lijalo, pamoja na sentensi moja ya mfano.