Pesa za Wazee: Angalieni Mwaka kwenye Kitambulisho

Ndugu wanavikundi wa Mwembe Tayari, wengi bado wadhani pesa za wazee ni za maskini walioteuliwa na kamati. Ndivyo ulivyoanza mpango huo, 2006. Mwaka 2018 Inua Jamii ikabadilika: umaskini haukuulizwa tena, bali umri wa miaka 70 na kutopokea pensheni. Kiasi ni Sh. 2,000 kwa mwezi.

Basi kila kitu kikaangukia kitambulisho. Bibi aliyezaliwa kabla ya vita vya Hitler, karani akamwandikia 1960, kwa Serikali bado ni kijana! Kusahihisha kuna safari nyingi. Kikundi kikikutana, kila mmoja alete kitambulisho cha mzee wa kwao kisomwe.

Halafu kuna mlezi. Mzee asiyeweza kwenda kupokea humtaja mtu wa kumpokelea. Jamani, msimtaje mwenye maneno mengi. Tajeni anayemwogesha na kumpikia uji, maana mpango huu hauleti mtunzaji nyumbani. Hizo elfu mbili ndizo sabuni, dawa na nauli ya kliniki.

Usajili hufanywa kwa awamu. Muulizeni chifu, au ofisi ya Maendeleo ya Jamii, kama jina la mzee wenu limo.