Homa iliyovuka Kasumbalesa

Mtu wa Lubumbashi anayeugua ghafla akiwa likizoni Johannesburg huenda ugonjwa wake ameutoa nyumbani. Vimelea vya Plasmodium falciparum, vinavyoleta malaria kali, kwa kawaida hukaa mwilini siku 7 hadi 30 tangu mbu aume ndipo homa ijitokeze. Aliyeumwa mtaani Katuba, Lubumbashi, usiku wa kuamkia safari huvuka mpaka wa Kongo na Zambia pale Kasumbalesa akiwa mzima kabisa, kisha akaanza kutetemeka wiki ya pili.

Lubumbashi, palu, yaani malaria, ndiyo hushukiwa kwanza. Johannesburg haina malaria ya kwake, na daktari anayeona homa na maumivu ya viungo anaweza kuanza na mafua. Kwa hiyo neno la kwanza la kumwambia ni hili: “Nimetoka Kongo, naomba nipimwe malaria.” Kipimo cha haraka cha tone la damu hujibu kwa dakika 20 hivi. Kungoja kesho ni kucheza na roho, maana malaria hii inaweza kugeuka kali na kuua ndani ya saa 24. Mgonjwa anayechanganyikiwa, anayepata degedege au kupumua kwa shida si wa kumezeshwa vidonge hotelini. Anahitaji sindano ya artesuneti hospitalini. Gari la wagonjwa Afrika Kusini huitwa kwa 10177, au 112 kwa simu ya mkononi.

Wenye ugonjwa wa sukari wana mtego wao, tena wa kitoto. Mashine ya kupimia iliyozoeleka Kongo husoma kwa miligramu, ile ya Zambia na Afrika Kusini kwa milimoli, na tofauti yake ni mara 18. Ndugu wa mgonjwa akiona 20 kwenye mashine ya ugenini hushtuka kwamba sukari imeisha, akakimbilia soda. Kumbe hiyo 20 ni 360 ya nyumbani: sukari imepanda sana, naye anaiongezea.

Majina ya dawa nayo hubadilika mpakani. Jina la kibiashara lililo kwenye boksi linaweza lisijulikane ng'ambo, na hata parasetamoli Marekani ina jina lingine. Kinachofaa ni karatasi yenye jina halisi la kila dawa, kipimo chake, magonjwa ya kudumu na dawa zinazomdhuru mgonjwa. Karatasi hiyo, pamoja na insulini, isafiri kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku lililofungiwa chini ya basi.